UKURASA WA AFYA: MBIO NDEFU ZA MILIMANI, NA KAZI YA ALIYE NYUMA YAKO



Katika ukurasa huu tumekwisha kuzungumza mara nyingi juu ya malaria, kuhara, na lishe ya mama na mtoto. Mwezi huu tuyaweke hayo kando kidogo, tuwazungumzie vijana wetu wanaokimbia. Wazazi kadhaa wamenijia na swali moja. Kijana wao ameingia katika kikundi cha mbio. Kila Jumamosi alfajiri anatoka na wenzake kumi au kumi na watano, wanapita vihambani katikati ya migomba, wanapanda hadi ukingo wa msitu wa Kilimanjaro, wanashuka mabonde na kupanda tena, na kurudi saa nane mchana wakiwa na matope hadi magotini. Wanasema wanajiandaa kwa ultramarathoni. Mama mmoja akaniuliza waziwazi: "Nesi, hii haitaniulia mtoto?"

Swali hilo ni la haki, na halijibiwi kwa ndiyo au hapana. Kukimbia kwenyewe si ugonjwa. Moyo wa kijana mzima hauchakai kwa kupanda mlima. Lakini mambo yanayoweza kumwua mtu katika mbio hizi yapo, yanajulikana, na karibu yote yana tabia moja ambayo nataka kila familia iielewe. Nitaieleza punde.

ULTRAMARATHONI NI NINI?

Marathoni ni kilometa 42 na mita 195. Mbio yoyote inayozidi hapo huitwa ultramarathoni. Iliyo maarufu zaidi katika Afrika ni Comrades ya Afrika Kusini, kati ya Durban na Pietermaritzburg, karibu kilometa 90 za barabara ya lami, iliyoanza mwaka 1921. Za milimani ni jambo jingine. Ile ya kuuzunguka Mont Blanc, inayoanzia Chamonix huko Ufaransa na kupita Italia na Uswisi, ina kilometa zipatazo 170, na ukijumlisha vilima vyote mkimbiaji hupanda karibu mita 10,000. Kwetu hapa wengi wanalijua jina la Simon Mtuy, mwenyeji wa Mbahe karibu na Marangu. Mwezi Februari 2006 alipanda Kilimanjaro hadi kileleni na kushuka kwa saa 9 na dakika 21, akijibebea mwenyewe chakula, maji na nguo.

Wazazi wajue pia kwamba katika mazoezi hakuna anayekimbia umbali wote wa mashindano. Kikundi chenye busara hukaa njiani saa nne hadi sita, na penye mteremko mkali wa kupanda wote hutembea. Hata mabingwa hutembea. Kwa hiyo ukimwona mwanao anatembea na mikono kiunoni usimcheke, anafanya sawasawa.

UBONGO HUTANGULIA

Sasa nije kwenye ile tabia niliyoitaja. Maji yakizidi mwilini, joto likizidi, baridi ikizidi, au hewa ikipungua kwa sababu ya urefu wa mlima, kiungo kinachoonyesha shida mapema ni ubongo. Mtu anaanza kubadilika. Mcheshi ananyamaza. Mpole anakuwa mkali, anajibu kwa mkato. Anajikwaa mahali pasipo na jiwe. Anashindwa kufunga zipu. Anauliza swali alilojibiwa dakika tano zilizopita.

Ugumu ni kwamba ubongo huohuo ndio ambao ungemwambia kwamba anaumwa. Ukimwuliza, atasema, "Mimi mzima, twendeni." Wala hasemi uongo, anaamini hivyo kweli. Ndiyo maana nasema mtu wa namna hiyo hawezi kujiokoa. Anayeweza kuona ni yule anayekimbia nyuma yake, anayemjua sauti na mwendo. Kikundi kinachoachana, wenye nguvu mbele na wachovu wakifuata mmoja mmoja, kimekwisha kutupa dawa yake ya kwanza.

MAJI: KIDOGO KWA KIU, SI KWA AMRI

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa mafundisho ya zamani yamewaingia watu sana. Tulizoea kuambiwa: mkimbiaji anywe kabla hajaona kiu, anywe mengi awezavyo. Kuanzia mwaka 1981 huko Afrika Kusini madaktari, akiwamo Tim Noakes, walianza kuwaona wakimbiaji wa mbio ndefu wakianguka na kupoteza fahamu, si kwa kukosa maji bali kwa kuyazidisha. Taarifa yao ilichapishwa mwaka 1985. Kwa muda mrefu wengi hawakuisikiliza.

Inakuwaje? Mtu anapokimbia kwa saa nyingi, mwili hutoa kichocheo cha kuziambia figo zishike maji, zisikojoe. Yeye naye anaendelea kunywa kila kituo. Maji yanabaki ndani, yanazimua damu, na kiwango cha sodiamu, yaani madini ya chumvi katika damu, kinashuka chini ya 135. Kikishuka sana, maji huingia katika ubongo ukavimba. Fuvu halitanuki. Dalili ni kichwa kuuma, tumbo kujaa, kutapika, vidole vya mikono kuvimba hadi pete inabana, kuchanganyikiwa, kisha degedege.

Mwaka 2002 mjini Boston, Marekani, damu ya wakimbiaji 488 ilipimwa mwishoni mwa marathoni. Asilimia 13 walikuwa na sodiamu pungufu, na watatu kati yao walikuwa katika hatari kubwa. Waliopatwa zaidi ni wale walioongezeka uzito njiani, na wale waliotumia zaidi ya saa nne. Tafakarini hilo. Mtu akimbie kilometa 42 na kuongezeka uzito! Tena anayeumia zaidi si yule wa mbele anayekwenda mbio, ni yule wa nyuma anayekwenda taratibu, mwenye nafasi ya kusimama na kunywa, ambaye kila mmoja anamhurumia na kumpa chupa. Kijana mpya kikundini, ambaye bado hajawa na kasi, ndiye hasa wa kuangaliwa.

Basi anywe kiasi gani? Anywe akisikia kiu, aache kiu ikiisha. Kiu ni kipimo kizuri kuliko saa ya mkononi. Wengine hudhani kwamba wakimeza chumvi au vidonge vyake wamekwisha kujikinga. Sivyo. Chumvi haimwokoi anayekunywa kupita kiasi. Na maji yenyewe yawe yamechemshwa au kutiwa dawa ya kutakasa. Maji ya mfongo yanapita juu ya shamba la mtu na zizi la mwingine, hata yakiwa baridi na ya kupendeza kiasi gani.

Chakula ni rahisi zaidi. Uji au ndizi saa mbili kabla ya kutoka, na njiani ndizi mbivu moja au mbili kila saa, au viazi vilivyochemshwa vyenye chumvi kidogo. Hakuna haja ya kununua pakiti za bei kubwa kutoka mjini.

JOTO

Sehemu kubwa ya nguvu ya misuli hugeuka kuwa joto, na kwenye njia za chini mwezi wa Januari na Februari jua letu haliongezi huruma. Joto la ndani likifika nyuzi 40 au kupita, na mtu akaanza kuweweseka, hicho ni kiharusi cha joto. Wengi tulifundishwa kwamba ngozi yake lazima iwe kavu. Kwa mkimbiaji si lazima, aweza kuwa anatokwa jasho jingi kabisa. Usimngoje akauke.

Mpoze kwanza, ndipo umsafirishe. Msitangulie kutafuta gari. Mvueni nguo za juu, mmwingize katika maji ya mto au mfongo hadi shingoni, mmoja akishika kichwa chake kisizame. Pasipo na mto wa kutosha, mmwagieni maji mwili mzima mfululizo huku wengine wakimpepea kwa fulana zao. Nusu saa ya kwanza ndiyo inayoamua. Akiwa hajitambui msimpe chochote kinywani.

BARIDI

Watu wa nchi ya joto hatuiogopi baridi kama inavyostahili. Kila ukipanda mita 100, joto hupungua kwa zaidi ya nusu nyuzi. Kutoka lango la Marangu, kama mita 1,900, hadi Horombo, kama mita 3,700, ni tofauti ya nyuzi kumi hivi, kabla hujahesabu upepo na mvua.

Tarehe 22 Mei 2021, karibu na mji wa Baiyin katika jimbo la Gansu nchini China, watu 172 walianza mbio ya milimani ya kilometa 100. Wengi walivaa kaptura na fulana. Koti la kukinga upepo lilipendekezwa tu, halikuwa la lazima. Wakiwa katika mpando mrefu ambako gari halifiki, hali ya hewa iligeuka: upepo mkali, mvua ya barafu, mawe. Watu 21 walikufa kwa baridi, na miongoni mwao wakimbiaji wa sifa kubwa nchini mwao. Walikuwa na nguvu kuliko sisi sote, na nguvu hiyo haikuwasaidia. Sita waliokolewa na mchunga kondoo, Zhu Keming, aliyekuwa amejikinga katika pango alimozoea kuweka nguo na chakula chake. Aliwaingiza, akawasha moto, akawafunika.

Nimeieleza habari hiyo kirefu kwa sababu ina jambo ambalo vijana hawalifikiri. Mtu anapokimbia hutengeneza joto lake mwenyewe, naye huona kwamba fulana inamtosha. Akisimama, joto linakatika. Kwa hiyo mguu uliotenguka tu, ambao kijijini ungekuwa kichekesho, juu mlimani penye mvua waweza kuwa kifo. Kikundi kikisimama kwa ajili ya mgonjwa, avikwe koti kwanza, ndipo aangaliwe mguu. Na asikae juu ya udongo mbichi, akalishwe juu ya mifuko ya wenzake.

Aliyeanza kutetemeka avuliwe nguo mbichi, avikwe kavu, afunikwe pamoja na kichwa, apewe kinywaji cha moto chenye sukari ikiwa anaweza kumeza vizuri. Mtetemeko ukikoma na yeye akawa mzito wa kusema, hajapona, amezidiwa. Abebwe kwa upole, asisuguliwe kwa nguvu, wala asipewe pombe. Najua kuna wazee wanaoamini kikombe cha mbege au konyagi kinapasha mwili joto. Kinapasha ngozi, na kuliibia tumbo na moyo joto lililobaki.

MAHALI PA JUU

Juu ya mita 2,500 hewa nyepesi huanza kuwasumbua baadhi ya watu, hata waliozaliwa Moshi. Kupanda hadi Mandara, kama mita 2,700, na kurudi siku hiyohiyo kwa kawaida si tatizo kubwa. Kadiri mnavyopanda zaidi, aliyeumwa kichwa apumzike, asipande tena mpaka kipone. Lakini aliyeanza kupepesuka kama mlevi ateremshwe palepale, hata kama ni usiku. Kipimo ni chepesi: mwambie atembee hatua kumi katika mstari, kisigino cha mguu mmoja kikigusa kidole gumba cha mwingine. Asipoweza, msibishane naye, shukeni. Kumbukeni pia kwamba njia hizo ziko ndani ya hifadhi, zinahitaji kibali na malipo, na mwongozaji anayezijua.

VIDONGE VYA MAUMIVU

Hili linaniudhi, niseme wazi. Nimeona vijana wakinunua ibuprofeni au diklofenaki dukani Ijumaa jioni, wanameza alfajiri kabla maumivu hayajaja, na kumeza tena njiani. Dawa hizo hupunguza damu inayokwenda kwenye figo, wakati uleule ambapo figo zimeelemewa na jasho na taka za misuli. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliwachukua wakimbiaji 89 wa mbio za kilometa 80. Waliopewa ibuprofeni, asilimia 52 walipata dalili za figo kuumia. Waliopewa kidonge kisicho na dawa, asilimia 34. Hata bila kidonge figo zinateseka, msiziongezee mzigo. Akishindwa kuvumilia bila dawa, mazoezi ya siku hiyo yamekwisha, arudi nyumbani.

Kadhalika mwenye homa asikimbie, hata kama ni mafua tu, kwa kuwa baadhi ya virusi huingia kwenye msuli wa moyo. Na katika familia zenye ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita sikoseli, kijana apimwe kabla ya kujiunga. Anayebeba nusu tu ya urithi huo haumwi, na anaweza kukimbia, ila misuli yake huharibika kwa urahisi zaidi kidogo akijilazimisha ghafla. Aanze polepole, apumzike anapotaka, na kiongozi ajue.

KIKUNDI KIJIPANGEJE?

Wagawanywe wawili wawili, watu wanaolingana mwendo, na kila mmoja awe na jukumu la mwenzake hadi nyumbani. Mbele awe anayejua njia. Nyuma kabisa awe mfunga msafara, mtu mtulivu na mwenye nguvu, ambaye hampiti mtu yeyote hata kama amechoshwa na uvivu wa aliye mbele yake. Huyo ndiye abebe filimbi, bandeji, blanketi jepesi na simu yenye chaji. Kila njia panda wote wangojane, wahesabiane. Anayetaka kurudi arudi, lakini hapana kurudi peke yake. Afuatane na mwenzake, na kiongozi aambiwe. Nyumbani kijulikane walikopita na saa wanayotegemewa.

Kila baada ya nusu saa mwenzako msemeshe. Si kumwuliza "uko sawa?", kwa maana atakujibu "niko sawa". Mwulize jambo linalohitaji kufikiri: tumevuka mito mingapi, leo tarehe ngapi, mke wa kiongozi anaitwa nani. Sikiliza anavyojibu kuliko anachojibu.

Na viongozi wanaopiga kelele "Kaza! Usiwe kama mwanamke!" waache. Kwanza wanawake katika mbio hizi ndefu hufanya vizuri sana. Pili, kauli kama hiyo humfundisha kijana kuficha dalili, nasi tumeona hapo juu kwamba dalili zenyewe zinajificha bila msaada wa mtu.

BAADA YA KURUDI

Watu hufikiri kupanda ndiko kunakoumiza. Mapaja huumizwa zaidi na kushuka, maana misuli inavutwa huku inajikaza ili kumzuia mtu asiporomoke. Maumivu ya siku mbili tatu ni ya kawaida. Yasiyo ya kawaida ni mkojo wa rangi ya chai ya rangi iliyokolea au ya kokakola, au kukosa mkojo kabisa tangu mchana hadi usiku. Hapo misuli imevunjika na taka zake zinaziba figo. Aletwe hospitali siku hiyohiyo, asingoje Jumatatu. Mbege nayo ingoje siku nyingine.

Na kuna jambo moja tunaloliomba sisi tunaopokea wagonjwa. Kijana aliyechanganyikiwa akitoka mlimani, aliyepungukiwa maji na aliyezidisha maji wanafanana machoni. Lakini matibabu yao ni kinyume. Wa kwanza anahitaji dripu. Wa pili akiongezewa dripu ya kawaida kwa wingi hali yaweza kuwa mbaya zaidi, anahitaji maji machache ya chumvi kali, mililita 100 kwa wakati mmoja, na kupimwa damu. Kabla majibu ya maabara hayajatoka tunategemea maelezo: alikunywa chupa ngapi, alikojoa lini mara ya mwisho, alitapika, alimeza dawa gani, alianza saa ngapi kusema ovyo. Mgonjwa hawezi kutuambia, wala mzazi aliyekuwa nyumbani. Kwa hiyo akiletwa, yule aliyekuwa akikimbia nyuma yake aje naye hadi ndani, na matope yake hivyohivyo, asiondoke mlangoni mpaka tumwulize.